Bwana Ukucha

Miaka thelathini na miwili, kituo cha karafuu Wete,
sikuwahi kuamini mizani kabla ya kidole.
Wakishusha magunia nachota moja tu,
naibinya kwa ukucha wa gumba:
ikitoa mafuta, daraja la kwanza;
ikivunjika ka! imekauka;
ikipinda kama mtu anayetafuta la kusema,
rudi nayo, mwanangu, kaianike tena.
Wakaniita Bwana Ukucha. Mbwana Shaame
alibaki kwenye daftari la mshahara.

Nilipoona damu
sikuipima.
Damu ya pale, nani huipima?
Nilisema bawasiri, nikanywa mizizi ya Bi Time,
nikala mapapai mwaka mzima,
nikajifunza kwenda chooni bila taa.
Mke wangu Mize alijua kwa nguo za kufua.
Hakusema. Aliniwekea nauli ya boti juu ya mto.

Dokta Zeyana, kule Mnazi Mmoja,
ana sauti ya mtu anayehesabu fedha za mwenzake.
"Ni puru," alisema. Mie nikadhani jina la mtu.
"Mwisho wa utumbo, baba. Pana uvimbe.
Utakwenda Dar, upigwe mionzi siku ishirini na tano."
"Ikishapiga?"
"Kuna uvimbe unaoyeyuka wote, kisu kikakosa kazi.
Kuna unaopungua nusu.
Kuna unaokaa palepale ukitutazama."
"Wangu ni upi?"

Hapo akanyamaza,
na kwa kunyamaza kule nikampenda.

Akaniita kwenye darubini.
Nyama yangu, waliyoifunga kwenye nta na kuikata
nyembamba kuliko ganda la kitunguu,
ilikuwa imelala juu ya kioo, imetiwa rangi,
hudhurungi hapa, samawati pale.
Nilinyoosha gumba. Kioo hakina mafuta.
"Tunatafuta alama," alisema. "Kuna protini nne
zinazorekebisha makosa seli ikijinakili:
tunaangalia zipo au zimetoweka.
Kwenye damu tunapima nyingine.
Na wenzetu wanaisaka ile ya kukosa hewa,
maana uvimbe usiopata oksijeni
mionzi huuchoma kwa shida."

Nikacheka, peke yangu, mle maabara.
Hilo mbona nalijua!
Karafuu mbichi ukizirundika usiku kucha,
pishi juu ya pishi, pumzi hazipati,
zinatoka jasho, zinachacha, zinageuka mpeta,
na jua la mwezi mzima haliziponyi.
Jua ni lilelile. Jamvi ni lilelile.
Jirani yake imekauka, inalia mkononi.

"Basi sema, Dokta. Mpeta au daraja la kwanza?"

"Sijui," alisema. "Alama moja inasema hivi,
ya pili inabisha. Tafiti zenyewe hazijapatana.
Nikikwambia najua, nitakuwa nimekupunja."

Thelathini na miwili,
na hakuna mkulima niliyewahi kumwambia sijui.
Nikamkumbuka Asaa wa Kinyasini:
gunia lake nililirudisha mara tatu,
mara tatu kwa ukucha huu huu,
mvua ya vuli ikalikuta uani.
Labda lilikuwa bichi.
Labda siku ile mie nilikuwa na njaa.
Alikuwa na watoto saba.

Siku ishirini na tano zimekwisha.
Ngozi imeungua, nakaa upande,
nangoja wiki nane ndipo watazame tena.
Watu wanakuja kunijulia hali, wanauliza
dawa imeingia? Nawaambia sijui.
Neno hili bado linanikwaruza ulimi,
lakini linatoka.

Mize ananikata kucha barazani kwa wembe,
taratibu, mkono wa kushoto wote,
kisha wa kulia, cha mwisho, cha pete, cha kati.
Akifika kwenye gumba anasita.

"Nalo?"

"Nalo."